Mtu Mmoja na Kinanda, Eti Bendi

Kadi ya mchango imeandikwa kabisa: "Bendi itakuwepo." Unafika ukumbini, unamkuta bwana mmoja, kinanda kimoja, flashi imechomekwa ubavuni. Anabonyeza, ngoma zinalia zenyewe, yeye anapanua mdomo. Hiyo nayo bendi! Basi na rababendi iliyofunga noti za kamati tuiite okestra.

Na hiyo rababendi wala si ukoo mmoja na muziki. Waingereza wana "band" mbili zilizovaa shati moja. Moja ni utepe, ya ukoo wa kufunga. Huko ndiko iliko bendeji ya kidonda. Nyingine ni kundi la watu, waliyoichukua kwa Wafaransa, nao wasomi wanaifikisha hadi kwa Wagothi, watu wa kale wa Ulaya: bandwa, yaani alama. Askari walijipanga nyuma ya alama moja, kundi likabeba jina lake. Mzizi huohuo uliwapa Wareno bandeira, nasi pwani tukabaki na bendera. Kumbe bendi na bendera ni ndugu! Nyuma ya yule bwana kajipanga nani? Spika.

Mfalme Charles wa Pili wa Uingereza, enzi ambazo neno hili lilikuwa likianza kutumika kuwaita wapiga muziki, aliweka wapiga fidla 24. Watu 24, wanakula, wanalala!

Sisi neno lenyewe tumelipokea mara mbili. Miaka ya 1890, Lamu na Mombasa, likawa "beni": tarumbeta, ngoma kubwa, gwaride, vyeo juu ya vyeo. Dar es Salaam vikundi viwili vya beni, Marini na Arinoti, vikatambiana. Baadaye ikaja bendi ya dansi, tena na jazi mkiani: Dar es Salaam Jazz Band 1932, Morogoro Jazz 1944, na huko Léopoldville, Kinshasa ya leo, OK Jazz 1956. Jazi jina, rumba ndiyo kazi. Haya, hilo tunasamehe, maana watu walikuwepo: gitaa la solo, la rithimu, la besi, tumba, saksafoni, waimbaji. Ondoa besi, mguu wa mchezaji haujui utue wapi. Ondoa rithimu, solo linaning'inia kama nguo kambani.

Huyu wetu flashi ikigoma bendi nzima imekufa, tena kwa virusi. Na bado anadai nauli ya watu sita. Ukimuuliza wenzake wako wapi, anakuonyesha folda.