Mwani Wenye Njaa na Asilimia Inayopotosha

Kwa wanaokuza mwani mdogo wa seli moja, kuna kauli iliyokwisha kuwa kama kanuni: ukitaka mafuta, unyime nitrojeni. Si uongo. Spishi nyingi zikikosa nitrojeni hujaza mafuta. Seli iliyokuwa na mafuta asilimia 20 ya uzito wake mkavu inaweza kufika 40, na nyingine hupita hapo. Takwimu hiyo hunukuliwa kila mara, nami inanisumbua kila mara, kwa sababu husomwa kana kwamba seli imenona. Haikunona. Imekwama.

Tazama chupa mbili zilizotiwa mbegu moja ya mwani, moja ikiwa na nitrati ya kutosha, yaani chumvi yenye nitrojeni, nyingine haina. Siku ya kwanza huwezi kuzitofautisha. Baada ya siku chache, ile iliyolishwa imekoza kijani kiasi kwamba kidole ukikiweka nyuma yake hukioni. Ile nyingine inapauka na kuelekea umanjano. Kila molekuli ya klorofili, ile rangi ya kijani inayonasa mwanga, ina atomu 4 za nitrojeni, na protini zote zinaitegemea, kikiwamo kimeng'enya kinachonasa hewa ya ukaa. Nitrojeni inapoisha, seli huanza kubomoa mitambo yake yenyewe ili ipate kidogo cha kujikimu, na kugawanyika kunasimama. Mwanga, hata hivyo, hauachi kuingia. Kaboni inayoendelea kunaswa haiwezi tena kujenga protini, basi inawekwa kwenye wanga na mafuta, ambayo hayana nitrojeni ndani yake. Mafuta hayo ni akiba ya dharura, na pia ni mahali pa kuitua nishati ambayo ingeidhuru seli.

Sasa tupige hesabu, kwa namba za mfano tu. Bwawa lililolishwa vizuri linatoa gramu 20 za mwani mkavu kwa kila mita ya mraba kwa siku, mafuta yakiwa asilimia 20: umepata gramu 4 za mafuta. Bwawa lenye njaa linatoa gramu 8, mafuta asilimia 40: umepata gramu 3.2. Asilimia imekuwa maradufu, na mafuta yamepungua. Anayetangaza ile 40 bila kutaja zile gramu 8 amekupa nusu ya habari, tena ile nusu isiyojaza pipa.

Hili si jambo la kubuni mezani. Wizara ya Nishati ya Marekani iliendesha mradi wa kutafuta mafuta kwenye mwani kuanzia 1978 hadi 1996, ukakusanya aina zaidi ya 3,000. Ripoti yake ya kufunga kazi, ya 1998, ilieleza jambo hilohilo: njaa huongeza kiwango cha mafuta ndani ya seli, lakini ukuaji hushuka kiasi kwamba faida hiyo inamezwa. Miaka mingi imepita, na ile asilimia bado inatembea peke yake.

Wanaotetea njaa wana hoja zisizopaswa kupuuzwa. Tani moja ya mwani mkavu uliolishwa vizuri hubeba nitrojeni ya kilo 60 hadi 100 hivi, na mbolea ya nitrojeni hutengenezwa kwa nishati nyingi. Kulisha kupita kiasi nako ni madhara: amonia ikizidi katika maji yenye alkali huusumu mwani uleule uliokusudiwa kunufaika. Halafu kuna rangi. Haematococcus, aina mojawapo ya mwani huu mdogo, akiwa ameshiba ni kijani na huogelea kwa mikia yake miwili. Akinyimwa chakula chini ya mwanga mkali hujiviringa, hujenga ukuta mnene na kugeuka mwekundu kwa rangi iitwayo astazantini, inayoweza kufika asilimia 4 hivi ya uzito mkavu. Hapo njaa inalipa, kwani rangi hiyo ina thamani kubwa hata ikipatikana kidogo.

Lakini angalia jinsi wakuzaji wa Haematococcus wanavyofanya. Kwanza wanalisha mpaka seli zijae, ndipo wanaponyima. Wingi wa rangi wanayovuna mwishoni unategemea idadi ya seli zilizoshiba mwanzoni. Mfano unaopendwa na watetezi wa njaa umesimama juu ya shibe.

Kuhusu mbolea, nitrojeni haiondoki na mafuta. Mafuta yakishakamuliwa, inabaki kwenye makapi pamoja na fosforasi, na inaweza kurudishwa bwawani. Gharama ipo, ila ni gharama ya kitu kinachoweza kuzungushwa, tofauti na siku za ukuaji zilizopotea.

Rudi kwenye ile chupa ya manjano, uitie nitrati. Ikiwa njaa haikudumu mno, kijani kinaanza kurejea ndani ya siku chache. Ukipima mafuta wakati huo utakuta yanashuka: seli inayatumia kujenga upya mitambo iliyoibomoa, ili ianze tena kugawanyika.