Jimbo la Mtera halipo tena ila historia yake tusiiache ipotee

Ukiangalia orodha ya majimbo ya ubunge ya Dodoma siku hizi Mtera huioni, toka 2020 linaitwa Mvumi, na jirani yake Chilonwa nalo likageuzwa jina likawa Chamwino. Kwa jina lenyewe mi sina ugomvi kabisa, tena naona walichelewa, maana mtu ukimtajia Mtera anawaza lile bwawa la Ruaha Mkuu, la umeme wa megawati 80, na kata ya Mtera yenyewe iko wilaya ya Mpwapwa wakati jimbo liko Chamwino, hii iliyotoka kwenye Dodoma Vijijini ya zamani. Mvumi ndo kwetu, ndo kwenye hospitali ya misheni ambako watu wanatoka vijiji vya mbali kuja kutibiwa.

Ila kinachoniuma ni kwamba vijana wakisikia "jimbo la Mtera" wanauliza ndo wapi huko, na jimbo hili lina stori ambayo kila mwanaCCM wa kijijini anatakiwa aijue. Mzee Malecela alilishika toka 1990, mwaka huohuo akawa Waziri Mkuu mpaka 1994, akaja kuwa makamu mwenyekiti wa chama, yani kwa Wagogo huyu alikuwa mzee wa wazee, nani angethubutu kuchukua fomu kushindana nae? Halafu 2010 kwenye kura za maoni, zile za wanachama kumchagua mgombea wa CCM, akaja Livingstone Lusinde, huyu tunayemwita Kibajaji, akamshinda. Miaka 20 ikaishia kwa kura za wanachama wa kawaida kabisa, wakulima wa mtama na uwele, wala sio kikao cha wakubwa huko juu.

Mi hapo ndo nasema watu wetu walifanya kitu kikubwa sana, na sisemi hivi kumdharau mzee, heshima yake iko palepale. Nasema hivi kwa sababu kuna majimbo mpaka leo mtu akikaa vipindi viwili watu wanaanza kusema ni la kwake, na kijana akitaka kugombea anaambiwa subiri mzee apumzike kwanza. Mtera hawakusubiri.

Naomba walimu wetu wa Mvumi wakifundisha uraia wawaambie watoto hili, tena wawatajie na lile jina la zamani, wazee waliopiga zile kura 2010 bado wengine tunao hapahapa kijijini, waitwe darasani waulizwe.