Prom Ilikuwa Matembezi Kabla ya Kuwa Dansi

Mwulize mwanafunzi wa Marekani maana ya prom, atakwambia ni dansi rasmi ya wanaokaribia kumaliza sekondari. Wapo wanaotaka mazungumzo yaishie hapo: maana ya neno ni ile wanayoijua wanaolitumia leo, basi. Na hoja yao ina nguvu. Ireland dansi kama hiyo huitwa debs, Australia huitwa formal, na vijana hucheza vilevile.

Lakini prom ni kifupi cha promenade, neno la Kifaransa la matembezi, yale ya kupunga upepo jioni, mtu amependeza, anatazama naye anatazamwa. Aliyewahi kupita Forodhani, Unguja, jua linapotua hahitaji kuelezwa zaidi. Nyuma yake kuna mzizi wa Kilatini wa kuswaga mifugo. Huo nakubali umekufa. Matembezi hayajafa. Jina prom limo tayari katika shajara ya mwanafunzi wa Chuo cha Amherst, Marekani, ya mwaka 1894, na hadi leo, katika baadhi ya miji midogo ya Wisconsin na Minnesota, wazazi hujaa ukumbini kuwatazama vijana wakipita wawili wawili kabla muziki wa kucheza haujaanza.

Kama prom ni dansi tu, yaliyotokea kusini mwa Marekani hayaeleweki vizuri. Mwaka 1954 Mahakama ya Juu ilikataza kuwatenga wanafunzi wa shule za umma kwa rangi. Hatimaye watoto walikaa darasa moja, wakacheza timu moja. Lakini katika baadhi ya kaunti za Georgia na Mississippi wazazi waliendelea kuandaa prom mbili, ya wazungu na ya weusi. Huko Charleston, Mississippi, mwigizaji Morgan Freeman alijitolea kulipia prom moja ya wote mwaka 1997, lakini haikufanyika hadi 2008. Katika Kaunti ya Wilcox, Georgia, wanafunzi wenyewe ndio waliochangisha fedha za prom ya pamoja, mwaka 2013.

Dawati la pamoja liliamriwa na mahakama. Kuingia ukumbini mkono kwa mkono, wazazi na majirani wakitazama, hakukuamriwa na mtu. Wawili hao wangekuwa wamechaguana wenyewe, hadharani. Hapo ndipo wazazi walipoweka mpaka.

Mtu anaweza kunijibu kwamba walichokiogopa ni miili kugusana katika dansi. Hilo nalo lilikuwepo, silikatai. Ila shuleni humo Wilcox, miezi michache kabla ya prom hiyo ya pamoja, wanafunzi walimchagua msichana mweusi kuwa malkia wa sherehe za shule na kijana mzungu kuwa mfalme. Hawakutakiwa kucheza, walitakiwa kusimama tu wapigwe picha. Kila mmoja alipigwa ya peke yake.