Mtaa ni uleule, gari ndilo lililonenepa

Gereji ninayopeleka gari hapa Dodoma, upande wa Chang'ombe, ina mabishano yake ya kila wiki, na si ya Simba na Yanga peke yake. Fundi mmoja kijana amekolea langalanga, yaani Formula 1, hakosi Grand Prix hata moja kwenye simu yake. Msimamo wake ni kwamba mbio za magari zina viwanja vyake, barabara za mjini waachiwe bodaboda na daladala. Anayemkatalia ni mzee aliyeendesha malori miaka mingi, Dar mpaka Rusumo. "Mwanangu," humwambia, "uwanjani ukikosea unatoka nje, unarudi. Barabarani ukikosea ndiyo umefika."

Nimewasikiliza muda mrefu. Kila mmoja ameshika kipande cha ukweli, lakini naona kuna kitu cha tatu ambacho wote wawili hawakitaji.

Hoja ya mzee ndiyo inayodharauliwa zaidi, kwa hiyo naanza nayo. Monaco, mwaka 1988, siku ya mchujo wa kupanga nafasi, Ayrton Senna alimzidi Alain Prost kwa sekunde 1.4, na wote walikuwa kwenye McLaren ya aina moja. Katika mchezo ambao watu hugombania sehemu ya mia ya sekunde, hilo ni pengo la ajabu, na lilipatikana kwa sababu kila sentimita aliyousogelea ukuta ilikuwa na faida na hatari yake. Kesho yake akaongoza kwa karibu sekunde 50. Katika mzunguko wa 67 kati ya 78 umakini ukamponyoka mara moja tu, akagonga ukuta karibu na handaki, Prost akashinda. Ukuta haukuhitaji mwamuzi.

Linganisha na Austria mwaka 2023, kwenye uwanja wa kudumu wenye lami pana nje ya kona. Waamuzi walilazimika kupitia matukio zaidi ya 1,200 ya magari yaliyodhaniwa kuvuka mstari mweupe, na saa kadhaa baada ya bendera ya mwisho madereva wanane wakaongezewa adhabu na matokeo yakapangwa upya. Mtazamaji alilala akijua matokeo haya, akaamka na mengine. Kwa kweli hapo simuoni wa kumtetea. Uwanja unaosamehe kila kosa humnyima dereva hodari nafasi ya kuonyesha tofauti yake na wenzake.

Fundi naye ana ushahidi, na ni mzito. Monaco 2024, ajali ya mzunguko wa kwanza ilisimamisha mbio, kila mtu akapata nafasi ya kubadilisha matairi bure, bila kupoteza nafasi yake. Kuanzia hapo ikawa msafara. Madereva kumi wa mbele walimaliza kwa mpangilio uleule walioanza nao. Charles Leclerc, mtoto wa Monaco, alishinda nyumbani kwao, na machozi yake yalinigusa, lakini kwa ushindani wa barabarani sikuona chochote. Mwaka uliofuata wakaweka sharti kila dereva asimame kubadilisha matairi angalau mara mbili. Kilichotokea? Liam Lawson alipunguza mwendo kwa makusudi, akawazuia wa nyuma yake ili mwenzake wa timu, Isack Hadjar, apate mwanya wa kusimama bila kupoteza nafasi. Wengine wakaiga. Magari yaliyoundwa kwa ajili ya kasi yakawa yanatembea makusudi, na hakuna aliyeweza kuyapita.

Kuna kitu ambacho gereji nzima hukipitia juu juu. Msafara ule uliwezekanaje?

Chukua Noah, gari ambalo kila Mtanzania amelipanda. Upana wake ni mita 1.7 hivi. Gari la langalanga la miaka ya 2017 hadi 2025 lilikuwa na upana wa mita 2 na urefu unaozidi mita 5, yaani ni pana na refu kuliko Noah. Uzito wa chini kabisa ulifika kilo 798 mwaka 2022, wakati miaka ya Senna ulikuwa kati ya kilo 500 na 540. Sasa liingize gari hilo kwenye mitaa iliyoanza kukimbiwa mwaka 1929. Halafu ongeza breki za kaboni, zinazomeza mwendo ndani ya umbali mfupi sana. Zamani dereva alipata nafasi ya kumpita mwenzake pale mmoja alipothubutu kuchelewa kukanyaga breki. Leo umbali wa kukanyaga umebaki mfupi kiasi kwamba ujasiri hauna pa kuingilia. Kanuni za 2026 zimepunguza upana hadi mita 1.9 na uzito hadi kilo 768. Nimefurahi, ila sentimita 10 hazitafanya miujiza.

Ushahidi ninaouona mkubwa kuliko wote umetoka Monaco yenyewe. Mwaka 2023 magari ya umeme ya Formula E yalikimbia kona zilezile na handaki lilelile. Gari lao lina upana wa mita 1.7, sawa na Noah yetu. Nick Cassidy alianzia nafasi ya tisa akashinda. Mtaa haukuwa umepanuliwa hata kidogo.

Fundi alipinga nilipomwambia, na sehemu ya upinzani wake naikubali. Katika Formula E anayeongoza ndiye anayepasua upepo, kwa hiyo anamaliza umeme wa betri haraka kuliko anayejificha nyuma yake. Wakati mwingine dereva huachia nafasi ya mbele kwa hiari, kama waendesha baiskeli. Kupitana kwa namna hiyo hakulingani na kumpita mtu anayekubania kwa nguvu zake zote. Hata hivyo Cape Town, mwaka huohuo wa 2023, António Félix da Costa alimpita Jean-Éric Vergne mwishoni mwishoni katika vita ya ushindi, pembeni kukiwa na ukuta, na yule aliyepitwa hakuwa ameachia kitu. Nataka mbio za namna hiyo, na zilifanyika barabarani, Afrika.

Umbo la mtaa nalo lina neno. Baku, kule Azerbaijan, wana sehemu kando ya ngome ya kale ambapo njia inabana hadi mita 7.6, halafu wana mnyooko wa zaidi ya kilomita 2 unaoishia kwenye kona ya karibu nyuzi 90. Kwenye ngome mzee wa malori anapata anachokitaka. Mwisho wa mnyooko fundi anapata chake. Mwaka 2017 Daniel Ricciardo alianzia nafasi ya kumi pale na akashinda. Lakini Jeddah, ambako mchujo hukimbiwa kwa wastani unaozidi kilomita 250 kwa saa katikati ya kuta na kona zisizoonyesha kilicho mbele, nadhani wamevuka mpaka. Ukuta unafundisha pale mwendo unapomruhusu dereva kujifunza akiwa hai.

Hofu hiyo sisi Waafrika tunayo kwenye historia yetu. Mbio za kwanza za ubingwa wa dunia wa langalanga barani humu zilifanyika kwenye barabara za Casablanca mwaka 1958. Stirling Moss alishinda, Mike Hawthorn akatwaa ubingwa kwa pointi moja tu, na Stuart Lewis-Evans, aliyeungua gari lake lilipopata ajali, akafariki siku chache baadaye. Ubingwa wa langalanga haujarudi tena Morocco.

Kuhusu bahati nasibu ya gari la usalama, lile linalotoka baada ya ajali kuyaongoza magari yote kwa mwendo mdogo, nitasema kidogo. Singapore, tangu 2008 hadi 2023, hakuna mbio hata moja iliyokwisha bila gari hilo kutoka. Mifuniko ya chemba nayo ni tatizo la kweli: gari hizi hufyonza lami zikipita, na Las Vegas mwaka 2023 mfuniko uliliharibu gari la Carlos Sainz dakika chache tu baada ya mazoezi ya kwanza kuanza. Mtaa haujengwi kwa ajili ya mashindano, na haugeuki kuwa uwanja kwa usiku mmoja.

Basi hapa kwetu? Tangu Rwanda itangaze Desemba 2024 kwamba inaitaka langalanga, swali hilo halituishi. Fundi anataka uwanja wa kudumu nje ya mji, karibu na barabara ya mzunguko wa nje, ile ya kilomita 112.3. Mtu mwingine pale gereji alitaja Mtumba, kwenye mji wa serikali: barabara pana, lami nzuri, Jumapili ofisi za serikali zimefungwa, hakuna duka la kufungiwa wala bajaji ya kuzuiwa. Kiufundi ni wazo zuri. Ila mtaa bila watu wake unapoteza sababu ya kuitwa mtaa. Mbio zina haki ya kuja mjini kwa sababu mama muuza zabibu ataziona bila kulipa nauli ya kwenda mbali.

Kwa langalanga yenyewe nakubaliana na fundi: uwanja wa kudumu, wenye kokoto badala ya lami nje ya kona, ili kosa liwe na gharama. Kwa magari membamba, ya umeme au gokati, ningependa yakimbie katikati ya mji, kuzunguka Nyerere Square, asubuhi moja ya Jumapili kama tunavyofungiwa barabara siku za marathoni, matuta yakiondolewa kwanza. Tungepata hata kitu ambacho Monaco haina. Mwezi wa saba na wa nane upepo wa Dodoma hutandaza mchanga juu ya lami, na mpira ambao matairi huacha kwenye kona, unaozifanya zishike vizuri zaidi kila siku, ungefunikwa kila usiku. Madereva wangezisoma kona upya kila asubuhi. Mzee aliposikia hivyo aliuliza ni kona ipi atakayokaa.