Msimu wa Kitabu Teule: Jukwaa la Mtaa Linapangiwa na Nani?

Makundi ya maigizo ya mitaani hapa Kenya yanapoketi Desemba kupanga michezo ya mwaka ujao, kikao huwa kifupi. Mtu anauliza KCSE, ule mtihani wa kumaliza sekondari, inatahini tamthilia gani, mwingine anachomoa mkobani nakala iliyochakaa, basi msimu wa kuzunguka shuleni umekwisha pangwa. Siku hizi kitabu teule ni Bembea ya Maisha ya Timothy Arege. Kuanzia mtihani wa 2018 hadi wa 2022 ilikuwa Kigogo ya Pauline Kea. Nyuma yake kulikuwa na Mstahiki Meya, ya Arege huyo huyo, na nyuma zaidi Kifo Kisimani ya Kithaka wa Mberia. Kundi linaweza kucheza mchezo mmoja miaka mitano, hadi mwigizaji aliyeanza akiwa kijana barobaro auache akiwa baba wa watoto wawili.

Wapo wanaoliona hilo kuwa kifo cha sanaa ya mtaa, na wapo wanaoliona kuwa ndilo linaloiweka hai. Mimi nimewahi kuwa wa kundi la kwanza, kwa kelele nyingi. Siku hizi kelele zimepungua.

Kilichonipunguza ni bwalo la shule moja ya wasichana. Meza zimesukumwa ukutani, harufu ya kabichi ya jana bado imo, pazia ni leso tatu zilizofungwa kwenye kamba. Mchezo ulikuwa Kigogo. Aliyeigiza Majoka, yule mtawala wa Sagamoyo, akasahau maneno yake katikati ya hotuba. Kabla mwenzake hajamnong'oneza, safu nzima ya mbele ikamkamilishia sentensi kwa sauti moja. Bwalo likalipuka kwa vicheko. Jamaa hakutaharuki, aliwageukia wale wasichana kama mtawala anayewageukia wachochezi, akawanyoshea kidole, na mchezo ukapata moto usiokuwamo kitabuni. Ukumbi gani wa watu wazima mjini utakupa hadhira inayoujua mchezo kwa kiwango hicho? Na wengi wa wale wasichana hawakuwa wamewahi kuona mtu akiigiza mbele yao, ana kwa ana.

Halafu kuna hesabu. Tuseme kiingilio ni shilingi 150 na wanafunzi ni 400. Hizo ni shilingi 60,000 kabla ya chakula cha mchana, na alasiri kuna shule nyingine ng'ambo ya barabara. Toa nauli, toa maleba, toa wali wa waigizaji, bado kila mtu anarudi nyumbani na kitu. Linganisha na mchezo mliouandika wenyewe: mmekodi ukumbi, mmebandika mabango, na usiku wa kwanza wamekuja watu 30, nusu yao mashemeji walioingia bure. Mkono mtupu haulambwi, na mwigizaji naye ana mwenye nyumba.

Lakini katika bwalo hilo hilo alikuwapo mwalimu, kaketi pembeni na kitabu wazi mapajani, kidole kikifuata mistari. Kila waigizaji waliporuka jambo aliinua macho. Walipomaliza, swali lake la kwanza halikuwa kwa nini Sudi, yule mchongaji, anakataa kuchonga kinyago cha shujaa wa serikali ilhali familia yake ina njaa. Lilikuwa kama tulivyozoea mtihanini: eleza muktadha wa dondoo hili. Msimu wa namna hii humfanya mwelekezi kuwa karani. Hawezi kuhamisha onyesho wala kupunguza hotuba, sembuse kumfanya Tunu, yule mwanaharakati, mkali kuliko alivyoandikwa, maana mwalimu amelipia kitabu kisimame na kutembea, si zaidi. Kundi likishazoea hivyo miaka kumi, hata likipewa uhuru halijui pa kuupeleka. Huo kwangu ni ubaya mkubwa kuliko hilo la wanafunzi kutazama badala ya kusoma, ambalo walimu hulilalamikia sana. Asiyesoma hangesoma hata pasingekuwa na mchezo.

Wanaoupinga msimu wa vitabu hupenda kuitaja Kamiriithu, kijiji cha Limuru. Mwaka 1977 wanakijiji wake, wakiwa na waandishi Ngũgĩ wa Thiong'o na Ngũgĩ wa Mĩriĩ, walijenga uwanja wa maonyesho kwa mikono yao na kufanya mazoezi hadharani, kila apitaye akiruhusiwa kuusahihisha mchezo. Ulikuwa mchezo wao, kwa Kigĩkũyũ chao, kuhusu ardhi na mishahara yao. Yote kweli. Ila tusiisimulie nusu. Mchezo ulianza Oktoba, Novemba kibali kikafutwa, na kabla mwaka haujaisha Ngũgĩ wa Thiong'o alikuwa kizuizini. Mwaka 1982 uwanja wenyewe ukabomolewa. Kamiriithu ni ushahidi kwamba jamii inaweza kujitungia jukwaa. Msimu, yaani mchezo baada ya mchezo mwaka baada ya mwaka, haikuachiwa iwe nao.

Wala si mambo ya kale. Aprili 2025, katika tamasha la kitaifa la drama huko Nakuru, wasichana wa shule ya Butere walikuwa na mchezo wa Cleophas Malala, aliyekuwa seneta, uitwao Echoes of War. Walikuwa wamezuiwa, na mahakama ikaamuru waruhusiwe kuucheza. Waliimba wimbo wa taifa wakaondoka bila kuigiza, na polisi wakawarushia watu mabomu ya machozi. Sasa ikumbuke ile orodha ya vitabu teule: Kifo Kisimani ina mtawala dhalimu, Mstahiki Meya ina meya asiyejali wagonjwa wala wafanyakazi, Kigogo ina Majoka anayefunga soko la wachuuzi. Madikteta watatu mfululizo walipita langoni mwa shule kwa baraka za wizara, wakachekwa na maelfu ya vijana, wala hakuna aliyerushiwa chochote. Muhuri wa mtaala ni ngao ambayo mchezo mpya hauna. Watu wa upande wangu wa zamani hawapendi kulisikia hili.

Tatizo ni kwamba ngao yenyewe ina tarehe ya mwisho. KCSE ya mwisho ya mfumo wa zamani wa elimu, 8-4-4, ni ya 2027. Wanafunzi wa Gredi ya 10 ya mfumo mpya walioanza Januari 2026 wanasoma Kiswahili kama lugha, lakini Fasihi ya Kiswahili imekuwa somo la kuchagua, chini ya mkondo wa sayansi za jamii. Bwalo la 400 likibaki na 60 waliochagua fasihi, ile hesabu yangu ya juu inaporomoka, na kundi lisilo na mchezo wake halina pa kushika.

Kwa hiyo sitaki kitabu teule kiachwe. Nataka kilipishwe kodi. Sehemu ya mapato ya shule itengwe kwa mchezo mmoja wa kundi lenyewe kila mwaka, na nafasi yake katika kalenda inajulikana. Oktoba shule huacha kuwaita waigizaji, Novemba mtihani unaendelea, na hadi Januari maleba hukaa ndani ya gunia. Desemba hiyo watu wazima wako likizo, wengine wamerudi mitaani walikozaliwa, na jioni hazina kitu ila runinga.