Aldabra: Matumbawe Yasiyo na Wenyeji, na Wanaoyatumia kwa Mbali

Mwezi Novemba 1967 serikali ya Uingereza ilishusha thamani ya paundi, ikabana matumizi yake ya kijeshi ng'ambo, na katika ubanaji huo ikaachana na mpango wa kujenga uwanja wa ndege za kivita huko Aldabra, kisiwa cha matumbawe kilicho kusini-magharibi mwa Ushelisheli. Wanasayansi waliokuwa wameupinga mpango huo kwa nguvu zote, Royal Society, chama cha wanasayansi cha Uingereza, ikiwa mbele na mwanajiografia David Stoddart akiwa mmoja wa sauti zilizosikika zaidi, waliona kwamba wameshinda. Kambi lakini haikufutika katika Bahari ya Hindi. Ilijengwa Diego Garcia, katika visiwa vya Chagos, na kati ya mwaka 1968 na 1973 wakazi wote wa visiwa hivyo waliondolewa na kupelekwa Morisi na Ushelisheli. Kobe wa Aldabra walipata watetezi katika magazeti na bungeni. Wachagos hawakupata watetezi wa kadiri hiyo. Ninaanza na tofauti hii kwa sababu kila mjadala kuhusu matumizi ya Aldabra, hata wa leo, unaibeba ndani yake.

Hoja za pande zote mbili, ya kuiacha Aldabra bila watu na ya kuitumia, hazieleweki bila kulijua jiwe lenyewe. Aldabra ni atoli. Neno hilo limetoka katika Kidivehi, lugha ya Maldivi, na maana yake ni duara la mwamba wa matumbawe lililozingira maji ya bahari. Mwaka 1842 Charles Darwin alieleza kwamba duara kama hilo huanza kama mwamba uliozunguka mlima wa volkano. Mlima ukididimia polepole, matumbawe huendelea kujijenga kuelekea kwenye mwanga, hadi mlima unapotoweka na duara kubaki peke yake. Maelezo hayo yalithibitishwa mwaka 1952, pale wachimbaji wa Enewetak katika Bahari ya Pasifiki walipopita zaidi ya mita 1,200 za chokaa ya matumbawe kabla ya kugonga jiwe la volkano.

Aldabra ina urefu wa takriban kilomita 34 na eneo la nchi kavu lipatalo kilomita za mraba 155, lililogawanyika katika visiwa vinne vikubwa: Grande Terre, Malabar, Picard na Polymnie. Upekee wake ni kwamba imeinuka. Visiwa vingi vya aina hii ni mchanga uliorundikwa na mawimbi, mita mbili tu juu ya maji, ilhali sehemu kubwa ya Aldabra ni matumbawe yaliyoota takriban miaka 125,000 iliyopita, wakati bahari ilipokuwa juu kuliko sasa, na leo kingo zake zinafika mita 8 hivi. Aliyewahi kutembea kwenye maweni ya mashariki ya Unguja analijua jiwe hili: limechongeka kwa mvua likawa na ncha kali, limejaa mashimo, na linakula viatu. Linakunywa maji pia. Katika kisiwa cha mchanga mvua hutuama chini ya ardhi na kuelea juu ya maji ya chumvi kwa kuwa maji baridi ni mepesi, na huko ndiko visima vinakochota. Katika jiwe lililotoboka namna hii mvua hupenya na kutorokea baharini kabla haijakusanyika. Kabla ya sheria yoyote ya uhifadhi, ukosefu huo wa maji ulikwisha kuwazuia watu kuweka makazi makubwa.

Katikati ya visiwa ni maji mengi yasiyo na kina kirefu, yanayopumua kwa milango michache: Grande Passe, ambao ndio mkubwa, Passe Gionnet, Passe Houareau, na mikondo midogo ya magharibi. Wakati wa bamvua tofauti ya kujaa na kupwa hufikia takriban mita 3, na maji yote hayo hayana pa kupita ila katika milango hiyo. Yakitoka huacha uwanda wa matope na majani ya bahari. Yakirudi huleta chakula kwa mikoko, kwa samaki wadogo na kwa kasa. Kwa hiyo uhai wa sehemu ya ndani unategemea upana na kina cha milango michache, na mhandisi akiziba mmoja au kuchimba mwingine ili meli ziingie, anabadilisha upumuaji wa mahali pote. Hii ndiyo hoja ya kimaumbile dhidi ya ujenzi, nami naiona kuwa nzito kuliko hoja ya uzuri wa mandhari inayorudiwa zaidi.

Upande wa uhifadhi una ushahidi mwingine usiopuuzika. Kobe wakubwa wapatao 100,000 wanaishi Aldabra, idadi isiyofikiwa mahali pengine popote duniani; wale wanaotazamwa na wageni katika kisiwa cha Changuu, karibu na mji wa Zanzibar, ni uzao wa kobe waliotolewa zawadi kutoka Ushelisheli mwaka 1919. Uzao huo ungeweza kukatika mapema zaidi. Mwaka 1874 kundi la wanasayansi, Darwin akiwemo, lilimwandikia gavana wa Morisi likiomba kobe wa Aldabra walindwe, kwa sababu wa visiwa vingine vya eneo hilo walikuwa wamekwisha kuliwa na mabaharia. Watu walipokodishwa Aldabra mwishoni mwa karne ya 19 walipanda minazi kwa ajili ya mbata, wakakausha samaki na kuchinja kasa kwa wingi. Mbuzi walioachwa na mabaharia waligombania majani na kivuli na kobe, na iliwachukua wahifadhi miongo kadhaa kuwamaliza, kazi iliyokamilika mwaka 2012. Kasa walilindwa kuanzia mwaka 1968, na wanaopanda kutaga wameongezeka mara kadhaa tangu hapo. Ni vigumu kupata mahali pengine ambapo kumwondoa mtumiaji kumeonyesha matunda wazi hivi.

Hata hivyo, upande wa pili hauwezi kujibiwa kwa hesabu ya kobe pekee. Aldabra peke yake ni kama theluthi moja ya nchi kavu yote ya Ushelisheli, na sasa nchi hiyo, ambayo ilirudishiwa Aldabra ilipopata uhuru mwaka 1976, imekubali kuiweka nje ya makazi, kilimo na biashara. Aldabra iliingizwa katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 1982. Dunia inaifurahia, lakini bili ya mafuta ya boti, chakula cha watafiti na safari ya zaidi ya kilomita 1,000 kutoka Mahé, kisiwa kikuu cha nchi hiyo, inalipwa na taasisi ya Washelisheli, Seychelles Islands Foundation, iliyoundwa mwaka 1979. Sehemu kubwa ya fedha zake hutokana na viingilio vya wageni wanaokwenda kuona minazi ya kipekee ya Vallée de Mai, kisiwani Praslin. Mwaka 2020 janga la korona lilipofunga utalii, kobe wa Aldabra walikosa sehemu kubwa ya fedha za kuwatunza kwa sababu watalii hawakufika Praslin. Mshelisheli wa kawaida, ambaye huenda hatakanyaga Aldabra maisha yake yote, ana haki ya kuuliza analipia nini na kwa ajili ya nani.

Wanaotetea matumizi hutaja pia Maldivi, taifa lililosimama juu ya visiwa vya namna hii na kuthibitisha kwamba watu wengi wanaweza kuishi humo. Mfano huo ni wa kweli, ila unasomeka kwa pande zote mbili. Mji wa Malé hunywa maji ya bahari yaliyochujwa chumvi kwa mitambo, na Desemba 2014 mtambo uliposhika moto, wakazi wapatao 100,000 walibaki bila maji ya bomba na ndege za nchi jirani zikaleta maji ya chupa. Watu wa Maldivi hawana nchi nyingine ya kwenda, kwa hiyo gharama hiyo ni ya lazima kwao. Kuianzisha gharama hiyo Aldabra, ambako hakuna jamii iliyozaliwa na kuzikana kwa vizazi, kungekuwa ni kuchagua shida isiyokuwapo.

Hapo ndipo Aldabra na Chagos zinapoachana, na ndipo napata wasiwasi na lugha ya baadhi ya wahifadhi. Mwaka 2010 Uingereza ilitangaza hifadhi kubwa ya bahari kuzunguka Chagos, na waliofukuzwa wakaiona kuwa kufuli jingine kwenye mlango wa kwao. Mwaka 2015 baraza la usuluhishi la sheria ya bahari liliamua kwamba tangazo hilo lilivunja wajibu wa Uingereza kwa Morisi. Maneno yaleyale, usafi wa matumbawe na bahari isiyoguswa, yanaweza kulinda kiumbe mahali pamoja na kumnyima mtu nyumba yake mahali pengine. Hoja ya kuiacha Aldabra bila makazi inasimama juu ya historia yake mahususi na ukosefu wake wa maji. Haifai kugeuzwa kanuni ya visiwa vyote vya matumbawe, na anayeitumia hivyo anawaudhi watu waliokwisha kudhulumiwa.

Halafu kuna jambo linaloufanya ubishi wa kutumia au kutotumia usitoshe. Mwaka 2019 kikosi cha kujitolea kilikaa Aldabra wiki tano kikiokota taka, kikaondoa tani 25, na watafiti wakakadiria kwamba tani 513 zilikuwa bado ufukweni. Kwa uzito, asilimia 83 ya taka hizo zilikuwa zana za uvuvi: kamba, nyavu, maboya ya kuvutia jodari, zilizobaki zilikuwa chupa, na kandambili zisizohesabika zilizosukumwa na mikondo kutoka pwani za mbali. Kusafisha kisiwa chote kulikadiriwa kugharimu dola milioni 4.68. Kwa maneno mengine, Aldabra inatumika kila siku, kama jalala, na watumiaji wake hawalipi. Baadhi ya meli hizo za jodari ni za Ulaya na huvua kwa leseni za Ushelisheli, na samaki wao hulisha kiwanda kilichoajiri watu wengi Mahé, kwa hiyo kuzifukuza si jambo rahisi kama linavyosikika. Lakini ada ya usafishaji ikiwekwa ndani ya leseni, na kila boya likasajiliwa kwa jina la meli iliyolitupa, mzigo utahamia kwa anayestahili kuubeba. Ushelisheli imekwisha kuonyesha ubunifu wa aina hii: ilikubaliana na wadai wake kubadilisha deni la dola milioni 21.6 kuwa fedha za bahari, na Machi 2020 ikatimiza ahadi ya kulinda asilimia 30 ya maji yake.

Jaribio lililo karibu zaidi liko Assumption, kisiwa kidogo kisichofika kilomita 40 kutoka Aldabra, kilichochimbwa samadi ya ndege wa baharini hadi kikabaki kipara. Kina njia ya ndege. Mpango wa India kujenga kituo cha kijeshi hapo ulikwama mwaka 2018 baada ya upinzani mkali wa Washelisheli wenyewe, na miaka ya karibuni umekuja mradi wa hoteli ya kifahari. Watetezi wake husema kisiwa hicho kimekwisha kuharibiwa, na kwa hilo hawakosei. Ila bulibuli wa kigeni waliowahi kuletwa Assumption walivuka hadi Aldabra, na kuwaangamiza kote kuwili kulichukua miaka ya kazi na fedha nyingi. Kila shehena ya saruji, udongo na mboga inayoshushwa hapo inaweza kubeba mbegu, panya au siafu. Iwapo ujenzi utaendelea, ukaguzi wa mizigo unapaswa kufanyika bandarini Victoria, mji mkuu wa Ushelisheli, kabla meli haijang'oa nanga, kwa gharama ya mwenye hoteli, na sehemu ya mapato ya kila kitanda iende kwa kituo cha watafiti cha Picard na kwa safari za wanafunzi wa Ushelisheli, ili watoto wa nchi hiyo waanze kuiona theluthi ya nchi yao wanayoambiwa waitunze.