Nungunungu huyu ananimaliza

Jamani wenzangu wa Mikindani, nani kati yetu bado analala usiku mzima? Kila alfajiri nakuta nyasi za uani zimejaa vishimo, na mihogo niliyopanda kando yake imegugunwa shinani hadi ikalala chini. Majirani husema ni nguruwe pori, lakini nguruwe huacha alama za kwato na udongo uliopinduliwa ovyo, ilhali mimi nimeokota mwiba wenye pete nyeusi na nyeupe, mrefu kuliko kalamu: huyo ni nungunungu! Nimewasha taa, nimetundika makopo yagongane, nimemwaga pilipili, anakula tu. Sasa nachimbia wavu wa waya ardhini, maana uzio wa makuti huupita chini kwa chini. Kwani hata muhogo mmoja hawezi kutuachia?